Matubwitubwi Yalipoingia Nyumbani Kwetu

Binti yangu alikuwa na miaka minane, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumwona akiacha barafu ya ukwaju. Kuna mama anaziuza nje ya geti la shule yetu hapa Rujewa, na watoto huzinyonya mpaka kifuko kinabaki cheupe. Siku ile tulikuwa tunarudi nyumbani pamoja, mimi nikiwa nimebeba madaftari ya darasa la tatu ninalofundisha, yeye akinitangulia hatua chache. Alinyonya mara moja, akasimama katikati ya njia, akashika shavu. Machozi yakamtoka.

"Nini tena?"

"Inachoma huku, mama. Karibu na sikio."

"Jino hilo. Pipi zimekumaliza."

Jioni nilipika ugali na nyama. Aliuzungusha mdomoni kama mtu aliyepewa kokoto. Nilikuwa nimechoka, na uchovu ukinishika huwa nafundisha hata mezani. Nikamwambia ale, aache kudeka. Akala. Alimeza vipande bila kutafuna, huku akiniangalia ili nione kwamba anatii. Nimekuwa mwalimu kwa miaka kumi na tatu na nilikuwa najivuna kwamba mtoto anayesingizia kuumwa namjua. Jioni ile sikumjua hata wa kwangu.

Kesho yake uso wake ulikuwa mzito upande mmoja, nami nikampeleka shule hivyo hivyo. Siku iliyofuata nikampeleka tena. Katika darasa langu wiki ile watoto sita hawakuwepo. Wazazi walikuwa wametuma maelezo kwa simu: huyu ana homa, huyu mafua, mmoja jino. Niliyasoma yote, nikaweka alama kwenye daftari la mahudhurio, na haikunijia kabisa kuyaunganisha.

Siku ya tatu homa ilipanda, na shavu la pili nalo likaanza. Hapo ndipo nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikampeleka kituo cha afya.

"Daktari," nikasema hata kabla sijakaa, "naomba uniandikie ang'olewe jino."

Alikuwa kijana mpole, mwenye sauti ya chini. Akamwambia mtoto afungue mdomo, akagonga meno moja moja kwa kijiti cha kutazamia koo. Hakuna lililouma. Kisha akamsimamisha binti yangu akielekea dirishani.

"Mwalimu, njoo usimame nyuma yake. Angalia masikio."

Nikasimama. Nimesuka nywele za mtoto yule kila Jumapili, nayajua masikio yake kuliko ya kwangu. Ndewe zote mbili zilikuwa zimesukumwa juu na nje, kama kuna mtu ameingiza mto mdogo chini yake.

"Sasa pitisha kidole hapa, taratibu. Unaipata kona ya taya?"

Sikuipata. Pale mfupa unapopinda kuelekea sikioni palikuwa laini, pa moto.

"Ingekuwa jipu la jino au tezi za shingoni, uvimbe ungekaa chini zaidi, na kona ya taya ungeishika. Hizi ni tezi za mate. Ndiyo maana kitu kichachu kinamchoma, mate yanapotaka kutoka. Ni matubwitubwi."

Nilikaa chini. Nikamwambia kwamba nimemlazimisha kula nyama, na nimempeleka shule siku mbili na uvimbe wake.

"Hata kabla uvimbe hujauona alikuwa ameshaanza kuambukiza," akasema. "Usijipige sana. Wengi wanaletwa hapa baada ya wiki nzima ya dawa za jino."

"Lakini chanjo zake zote alipata. Kadi ninayo."

"Alichanjwa surua na rubela. Hii haimo katika zile tunazotoa hapa."

Nilitegemea kutoka na mfuko wa dawa. Akaniambia huyu ni kirusi, dawa za kuua bakteria hazimgusi, nisinunue hata nikishauriwa dukani. Nimpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake homa na maumivu vikizidi, wala nisimpe aspirini. Uji, mtori, wali uliopondwa, maji mengi kidogo kidogo, asipewe kitu cha ndimu wala ukwaju. Kitambaa cha maji baridi shavuni, au cha uvuguvugu kama ndicho anachokipenda. Akae nyumbani siku tano tangu uvimbe ulipoanza, kikombe chake kiwe chake peke yake. Akianza kutapika sana, kichwa kikimuuma kupita kiasi, shingo ikikakamaa, tumbo likimsokota, au nikiona hasikii vizuri, nisingoje kupambazuke wala foleni ipungue.

Tulipokuwa tunasimama akauliza kama nyumbani kuna mtu mzima ambaye hajawahi kuugua matubwitubwi.

Mimi niliugua nikiwa mdogo. Mume wangu, ambaye anafanya kazi Mbeya mjini na huja mara moja kwa mwezi, naye aliwahi kunisimulia ya kwake. Alibaki mdogo wangu wa kiume, tuliyekuwa tunaishi naye, fundi wa mashine ya kukoboa mpunga. Nikampigia simu mama yetu Iringa nikiwa bado pale kwenye benchi la nje.

"Wewe na ndugu zako wengine mliugua wote mwaka mmoja," mama akasema. "Yeye hapana. Wakati ule alikuwa kwa shangazi yenu." Kisha akakumbuka: "Na harusi yake wiki sita zijazo. Nakuja."

Mdogo wangu alikuwa na miaka ishirini na saba. Mchumba wake alikuwa fundi cherehani wa Mlandege, jirani na kwa mama, na tangazo la kwanza la ndoa yao lilikuwa tayari limesomwa kanisani kwao Iringa. Nilipomweleza alicheka. Jioni hiyo hiyo akahamishia godoro lake kwenye chumba cha magunia pale mashineni, akawa anaokota chakula chake mlangoni kama mtu anayepokea barua. Lakini wiki nzima kabla ya hapo mpwa wake alikuwa akimpanda mgongoni na kunywa chai yake.

Mama alifika kesho yake, amevaa sweta mbili juu ya joto la huku kwetu Usangu, kwa maana kule alikotoka kulikuwa na baridi ya kuuma. Alishukia Igawa, akaunganisha na bajaji mpaka kwetu. Akanisalimu "Kamwene", akaweka kikapu chini, akamtazama mjukuu wake na kuomba sufuria lenye masizi.

Kwetu mtoto mwenye matubwitubwi alipakwa masizi mashavuni, kisha asubuhi akapelekwa njia panda ayaache pale na kurudi bila kugeuka nyuma. Mimi mwenyewe nilifanyiwa. Nakumbuka nilivyojiona mtu muhimu siku ile. Nikamwambia mama alichosema daktari.

"Kwa hiyo nikae tu nimtazame?"

Nilimwangalia. Alikuwa amesafiri kutwa, na mikono yake haikujua kukaa bure mbele ya mtoto mgonjwa.

"Masizi mpake, mama. Hayana ubaya, mradi ngozi isiwe na kidonda. Njia panda hapana. Pale wanapita watoto wa wenzetu kwenda kisimani."

Alifikiri. "Na dawa yako ya maji atapewa?"

"Atapewa."

"Basi."

Tukakubaliana hivyo. Binti yangu alipojiona kwenye kioo, mweusi mashavu yote mawili, alicheka, kisha akalia kwa sababu kucheka kulimuuma, kisha akacheka tena taratibu kwa mdomo uliofungwa. Mama alimpikia uji wa mchele uliochemka mpaka punje zikapotea. Siku ya nne alikunywa bakuli zima. Siku ya sita taya ilianza kurudi, na nilikuwa nikisimama nyuma yake na kunong'ona jina la mboga au la mnyama, upande huu kisha upande ule, kuona kama anasikia. Aliyasikia yote. Alidhani ni mchezo.

Shuleni nilimweleza mwalimu mkuu, naye akaandika kwenye kundi la simu la wazazi. Majibu yakaanza kumiminika. Wanafunzi wangu wote sita waliokosekana walikuwa wamevimba mashavu.

Mdogo wangu aliendelea kuwa mzima. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Mama alikuwa anajiandaa kurudi Iringa, na sisi sote tukaanza kusema kwa sauti kwamba yamempita. Ilikuwa katikati ya wiki ya tatu alipokuja mlangoni asubuhi, amejifunga kitambaa kichwani mpaka kidevuni.

"Dada, nimefanana na tajiri mwenye mashine," akasema. Alikuwa amevimba pande zote mbili.

Tulimtunza kama tulivyomtunza mtoto, na baada ya siku tano akasema amepona, akarudi kazini. Mpunga ulikuwa mwingi msimu ule, magunia yamepangwa mpaka barabarani. Siku ya pili yake niliporudi kutoka shule nikamkuta mama amekaa kwenye kigoda nje ya jiko, hafanyi chochote.

"Mdogo wako ana homa tena," akasema. "Anasema malaria. Amekataa nisiingie." Kisha akaongeza, akitazama chini, "Nenda wewe. Mimi ni mama yake. Kuna mambo hawezi kuniambia."

Nilikwenda. Mashine ilikuwa imezimwa, wenzake wamekaa nje kwenye kivuli. Alikuwa amelala juu ya magunia matupu, magoti yamekunjwa, anatetemeka.

"Umepima malaria?"

"Nimepima."

"Wamesemaje?"

"Hakuna malaria."

"Basi homa inatoka wapi?"

Akageukia ukutani. Nilisubiri. Kwenye sakafu palikuwa na pumba zimetapakaa, nikaanza kuzikusanya kwa mguu ili nisimkodolee macho.

"Yameshuka, dada."

Nilielewa. Tangu utotoni tuliwasikia watu wazima wakisema kwa sauti za chini kwamba matubwitubwi ya mwanaume mzima hushuka, na kwamba yakishuka hapati mtoto. Kwetu sisi dada na kaka hawaongei habari za sehemu hizo. Sijui kama hata neno lake tulikuwa nalo kati yetu.

"Tangu lini?"

"Juzi. Upande mmoja." Akajaribu kugeuka, akashindwa. "Siwezi kutembea. Naogopa hata kukohoa. Dada, mimi nimekwisha. Mpigie mama wa yule binti wa Mlandege, umwambie asihangaike na nguo za harusi."

"Kwanza hospitali," nikasema. "Hayo mengine yatakuja kwa zamu yake."

Nilikodi bajaji, nikamwomba dereva apite kila shimo kama amebeba mayai. Mdogo wangu alinishika mkono njia nzima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu tukiwa watoto.

Daktari yule yule alimpeleka ndani peke yake, mlango ukafungwa. Walikaa muda. Kisha mdogo wangu mwenyewe akaomba niitwe.

"Nimemchunguza kwanza kama mshipa haujajisokota," daktari aliniambia, "kwa sababu maumivu ya ghafla ya sehemu ile hayangojwi nyumbani hata saa moja. Haujajisokota. Ni matubwitubwi yamefika kwenye korodani. Huwatokea wanaume waliokwisha kubalehe, siku chache baada ya mashavu."

Alitamka neno lile kama vile mtu anavyotamka goti au kiwiko. Nikaona mabega ya mdogo wangu yakishuka kidogo.

"Nitazaa?" akauliza.

"Wengi wanazaa. Kwako limevimba moja, la pili liko salama. Linaweza kusinyaa kidogo baadaye, na hata hivyo wengi wanazaa. Siwezi kukuapia, hakuna anayeweza. Lakini nikiwa wewe nisingevunja harusi."

Akampa dawa ya maumivu. Akamwambia alale, aache magunia kwa muda, avae nguo ya ndani inayombana na kumshikilia, aweke kitambaa kilichokunjwa chini kama mto, na kingine cha maji baridi juu yake. Kichwa au shingo vikianza, arudi mara moja.

Tulimrudisha nyumbani, si mashineni. Niliona mama amechukua kanga yake kuukuu, ile laini ya kulalia, akaichana vipande, akavikunja vyote kwa ukubwa mmoja. Akaviweka kwenye beseni pamoja na jagi la maji ya mtungini, akalisukuma mpaka kizingiti cha chumba cha mwanawe, akagonga mara moja na kuondoka. Kila baada ya saa chache alikuja kuyabadilisha maji yale. Nilikuwa nimekaa barazani nikisahihisha madaftari, na ilibidi niyaweke pembeni.

Homa ilishuka siku ya tatu. Kilichobaki kikubwa kilikuwa simu. Aliniomba nimpigie mchumba wake mimi. Nikakataa.

"Hili ni la kwako kusema. Nitakaa nje ya mlango, basi."

Nilimsikia akiongea, akinyamaza, akiongea tena. Alisema yote, pamoja na neno la daktari. Kisha akatoka anajikongoja, akanipa simu. "Amekata," akasema.

Hakuwa amekata kwa hasira. Alikwenda kutafuta basi. Kesho yake saa saba mchana alikuwa uani kwetu, msichana mwembamba, vumbi la barabara kwenye nyusi, sindano bado imechomekwa kwenye kola ya blauzi yake.

"Wifi, shikamoo. Yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko ndani. Wewe uliwahi kuugua haya mambo?"

"Nikiwa darasa la pili. Mashavu hivi," akaonyesha kwa mikono.

Mama akamwonyesha mlango kwa kidevu. Mlango aliuacha wazi, kwa heshima, nasi tuliokuwa uani tukasikia kila kitu, ingawa mama alijifanya anachambua mchele.

"Nimekwambia habari yote," mdogo wangu akasema. "Ukitaka kuondoka, ondoka. Hakuna atakayekulaumu, na mimi sitakulaumu."

"Bado inauma?"

"Kidogo."

"Umekula?"

Akakohoa kidogo.

"Nakuuliza kama umekula."

"Uji."

"Sikiliza," akasema yule binti. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, lakini maneno hayakutetemeka. "Mimi sikuchumbiwa na watoto ambao hawajazaliwa. Nilichumbiwa na wewe. Harusi tunaisogeza mbele mwezi mmoja, usimame mbele ya watu bila kuuma meno. Nguo zenyewe bado hazijaisha."

Mama aliacha kuchambua. Akainamisha uso juu ya ungo, halafu akanituma nikakamate kuku.

Walifunga ndoa Iringa, asubuhi ya baridi kali, mdogo wangu amesimama wima. Binti yangu alishika pindo la gauni la bibi harusi mpaka altareni, akalikanyaga mara mbili.

Sitasema baada ya hapo mambo yalikuwa mepesi. Mwaka ukapita, miezi mingine sita ikapita. Wanawake walimwuliza wifi yangu kanisani kwa macho, na wengine kwa midomo. Mama, ambaye kwa wajukuu huwa hana breki, hakuuliza hata mara moja, nami najua lilimgharimu nini. Mdogo wangu aliniambia siku moja, bila kuzunguka, kwamba lile moja kweli lilisinyaa. Aliniambia tukiwa tunapakua mpunga, kama anavyoniambia mkanda wa mashine umekatika. Kitu kimoja ulichotupa ugonjwa ule ni hicho: tuliacha kuogopa maneno.

Mtoto wao alikuja mwaka wa pili, wa kike, mwenye kelele nyingi. Wifi alinipigia mwenyewe kutoka wodini. "Amefika," akasema, kisha tukalia wote wawili kwenye simu mpaka muuguzi akamwambia apumzike.

Msimu uliopita nilipitia mashineni kuchukua mchele wangu, nikamkuta mdogo wangu amesimamisha kazi. Kulikuwa na kijana wa kupakia magunia, ndiyo kwanza amefika kutoka Mbeya, shavu limevimba na bado anataka kubeba. Wenzake walikuwa wanamtania kwamba ameficha ndizi mdomoni. Mdogo wangu alimsogeza kwenye mwanga, akapitisha kidole chini ya sikio lake.

"Uliwahi kuugua matubwitubwi utotoni?"

"Sijui, kaka."

"Basi magunia umeshayaaga. Nenda kituo cha afya, halafu ukalale. Na sikieni wote," akawageukia waliokuwa wanacheka, "yakishuka, usijifungie na homa yako kwenye magunia kama nilivyofanya mimi. Korodani ni kiungo kama mkono. Kikiuma, unakwenda kutibiwa."

Yule kijana akaweka gunia chini, akauliza kituo cha afya kiko upande gani.